Kupika na kuoka kwa mapeasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapishi wa Nyanda za Juu Kusini

Kikombe kinachotajwa hapa ni cha mililita 250, kijiko cha chakula ni mililita 15 na kijiko cha chai ni mililita 5, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa mgongo wa kisu. Uzito wa mapeasi ni ule wa baada ya kumenya na kutoa kiini, isipokuwa pale tuliposema vinginevyo. Muda wa kupika umepangwa kwa mtu aliyeko Mbeya mjini, Iringa, Njombe au Makete. Aliyeko Kyela au Dar es Salaam apunguze. Sababu ataikuta huko chini kwenye swali la kuchemsha.

Mapeasi yanapatikana lini, na ninunue yapi?

Msimu wetu unaangukia kwenye mvua, hasa kuanzia Januari, na sehemu za juu kama Makete huchelewa kidogo kuliko za chini. Nje ya msimu utayaona madukani yakiwa na stika, mengi yakitoka Afrika Kusini: Packham's Triumph ya kijani na Forelle ndogo yenye wekundu. Hayo ni laini na matamu zaidi ya kula hivihivi. Kwa kupika, peasi gumu la kienyeji lina faida yake, nalo ni bei nafuu.

Sokoni huuzwa kwa fungu, kwa sado au kwa ndoo. Sado haina uzito maalumu kwa sababu mapeasi makubwa huacha nafasi nyingi katikati, kwa hiyo ukifika nyumbani pima kabla ya kuanza mapishi yoyote ya sukari. Chagua tunda lenye kikonyo chake na lisilo na alama ya kuanguka. Peasi lililodondoka chini huonekana zima siku ya kwanza, ila kovu la ndani hugeuka kahawia baada ya siku mbili na kusambaa. Kwenye ndoo, omba kuona ya chini. Ndiko yaliyobonyea yanakolala.

Kilo moja ya mapeasi ya wastani ni matunda 5 hadi 7. Ukishamenya na kutoa kiini utabaki na gramu 750 hadi 800.

Nitajuaje kama limeiva? Rangi haibadiliki.

Achana na rangi. Aina nyingi hubaki kijani hata zikiiva. Bonyeza kwa kidole gumba shingoni, pale karibu na kikonyo. Likibonyea kidogo, limeiva. Ukisubiri mpaka tumbo la tunda libonyee umechelewa, kwa sababu peasi huiva kuanzia ndani kwenda nje: ganda likiwa laini, kiini tayari kimekuwa uji wa kahawia.

Hali ya tunda ndiyo inayoamua chakula, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Peasi gumu kabisa lisilobonyea shingoni ni la kuchemsha kwa sukari, chatne na kachumbari. Lililoanza kubonyea shingoni tu, huku tumbo likiwa gumu, ni la keki, pai, kukausha na kuweka kwenye chupa. Lililoiva sawasawa ni la kula, jamu, au kukwangua kwenye chapati za maji. Lililorojeka nje lakini halijachacha lipondwe na kuingia kwenye jamu siku hiyohiyo. Ukilitia kwenye keki utapata keki mbichi katikati, hata uoke saa mbili.

Naweza kuyaivisha haraka?

Ndiyo. Peasi huchumwa likiwa limekomaa lakini gumu, kisha huivia ndani. Likiachwa mtini mpaka lilainike, huwa na chenga nyingi na moyo wake huoza. Weka mapeasi kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja au mbili, funga mdomo, acha jikoni kwenye joto la kawaida. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoamsha uivaji. Angalia kila siku. Mengi huwa tayari ndani ya siku 3 hadi 5. Usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa, jasho litaleta ukungu. Kwenye baridi ya usiku ya Makete na Njombe uivaji hulala, kwa hiyo yasogeze karibu na jiko.

Yakishaiva yapeleke kwenye friji, nayo yatakaa siku 3 hadi 5 zaidi. Usiyaweke sehemu moja na vitunguu. Peasi hunyonya harufu.

Mbona mapeasi ya kwetu yana chenga kama mchanga?

Hizo ni seli ngumu zenye kuta nene za lignini, kemikali ileile inayoupa ubao ugumu wake. Hukusanyika zaidi kuzunguka kiini na chini ya ganda. Kuchemsha hakuzilainishi, hata ukichemsha mpaka tunda livunjike. Kinachosaidia ni kisu: menya ganda nene kidogo kuliko la kiazi, halafu toa kiini kwa upana, ukipoteza kama sentimita moja ya nyama pande zote. Kwa jamu na chakula cha mtoto, pitisha kwenye chujio la waya ukisukuma kwa mwiko. Chenga zitabaki juu. Kwenye keki yenye karanga au ulezi hata hutazisikia.

Nikikata yanageuka kahawia. Nifanyeje?

Kimeng'enya kilichomo kwenye nyama ya tunda kinakutana na hewa. Tia juisi ya limau 1 kwenye lita 1 ya maji baridi, na tumbukiza vipande kadiri unavyokata. Ukikosa limau, kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa lita 1 kinafanya kazi kwa dakika 10, kisha suuza. Usiache vipande majini nusu saa. Vitalowa na kupoteza utamu. Kama unatengeneza jamu, keki ya mdalasini au chatne, usijisumbue kabisa. Rangi itakuwa ya kahawia mwishoni vyovyote vile.

Nitumie sufuria gani?

Kwa kuchemsha muda mrefu na limau, tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli ambayo haijabanduka. Sufuria ya alumini isiyo na mipako huliwa na asidi: tunda hupata ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Kama ni ya alumini tu uliyo nayo, tia limau mwishoni baada ya kuipua, na uhamishie chakula kwenye bakuli mara moja.

Nachemshaje mapeasi kwa sukari yabaki mazima na laini?

Kwa mapeasi 6 magumu ya wastani:

Maji lita 1, sukari gramu 250 (kikombe 1 na robo), juisi ya nusu limau, kijiti 1 cha mdalasini, karafuu 4, iliki 4 zilizopondwa, na ukipenda kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba.

Menya ukiacha kikonyo. Toa kiini kwa kuchimba kutoka chini kwa kijiko kidogo. Chemsha maji na sukari na viungo mpaka sukari iyeyuke, kisha punguza moto na uingize mapeasi. Yataelea, na sehemu iliyo juu ya maji itabaki ngumu na kuwa kahawia. Kata karatasi ya kuokea mduara wa ukubwa wa sufuria, toboa tundu katikati, ilaze juu ya matunda. Moto uwe wa kuchezesha maji tu. Maji yakitokota kwa nguvu, matunda hugongana na kuchanika nje kabla ndani hakujaiva.

Anza kupima dakika ya 25 kwa kijiti cha meno. Kikipenya mpaka katikati bila kukwama, ipua. Peasi gumu kabisa linaweza kufika dakika 45 au hata 50, wala si kosa lako. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pwani, ila joto hilo hushuka kama nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; Iringa kama 95, Njombe chini kidogo ya 94. Kuongeza makaa hakuongezi joto la maji, kunayakausha tu. Ongeza muda, na funika.

Acha yapoe ndani ya maji yake. Ladha huingia wakati wa kupoa. Kesho yake yanakuwa bora zaidi. Maji yaliyobaki yarudishe jikoni bila matunda, yapunguze mpaka nusu, upate shira ya kumwagia juu ya mapeasi au kutia kwenye chai.

Yamegeuka ya pinki! Yameharibika?

Hapana. Peasi lina tanini ambazo, zikipikwa muda mrefu pamoja na asidi na kupozwa polepole, hugeuka za waridi. Ni salama. Usipoipenda rangi hiyo, ipua mapema na upoze haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi.

Naomba vipimo vya keki ya mapeasi isiyoporomoka.

Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, hivyo gesi ya bekingi pauda hutanuka zaidi. Keki hupanda haraka kuliko unga unavyoshikana, kisha hubonyea katikati. Maji nayo huvukiza haraka, sukari ikabaki nzito na kuidhoofisha keki. Vipimo hivi vimesharekebishwa kwa mita 1,500 hadi 2,000:

Unga wa ngano gramu 250 (vikombe 2 visivyoshindiliwa), bekingi pauda vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, siagi gramu 125, sukari gramu 140, mayai makubwa 3, mtindi mzito mililita 100, na mapeasi gramu 400 yaliyoanza tu kubonyea shingoni.

Kama unatumia mapishi mengine ya usawa wa bahari, punguza bekingi pauda kwa robo, punguza sukari kijiko 1 cha chakula kwa kila kikombe, ongeza kijiko 1 au 2 vya maziwa, halafu tazama. Ikipasuka juu na kuwa kavu, ongeza maziwa kidogo mara nyingine. Ikibonyea, punguza tena bekingi pauda.

Kata mapeasi vipande vya sentimita 1 na nusu. Yapitishe kwenye kikaango chenye kijiko 1 cha chakula cha siagi kwa dakika 5, moto wa wastani, mpaka maji yanayotoka yakauke, kisha yapoe kabisa. Hatua hii ndiyo inayotenganisha keki na bokoboko, kwa hiyo usiiruke.

Saga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, dakika 5 kwa mkono wenye juhudi. Tia yai moja moja. Chekecha vitu vikavu, changanya kwa zamu na mtindi, ukimaliza na unga. Koroga mpaka unga usionekane, basi. Ukizidisha, keki inakuwa ngumu kama mkate. Rojo liwe zito kiasi cha kung'ang'ania mwiko kabla ya kudondoka. Kunja mapeasi ndani, mimina kwenye bati la sentimita 22 lililopakwa siagi na kutandikwa karatasi. Oka kwenye nyuzi 175 kwa dakika 45 hadi 55. Kijiti kikitoka na unyevu wa tunda si tatizo. Kikitoka na rojo, rudisha.

Sina oveni. Inawezekana kwa jiko la mkaa?

Inawezekana vizuri sana. Chukua sufuria kubwa nzito, tandika mchanga mkavu sentimita 2 hadi 3 chini, funika, na ipashe dakika 15. Weka bati la keki juu ya vijiwe vitatu ili lisigusane na mchanga moja kwa moja. Funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini: kama theluthi mbili juu, theluthi moja chini. Wengi hugeuza hesabu hii, na kwa keki ya mapeasi adhabu yake ni kubwa, maana maji matamu ya tunda hushuka chini na kuungua kabla ya juu kuiva.

Usifunue kabla ya dakika 30. Baada ya hapo, ukisikia harufu ya sukari inayoungua, toa makaa ya chini yote na acha ya juu yamalizie. Epuka majivu kuingia kwa kupangusa ukingo wa mfuniko kabla ya kufunua. Na hata kama nje kuna mvua na baridi, usioke ndani ya chumba kilichofungwa: mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Barazani au jikoni penye madirisha wazi ndipo pake.

Vipande vyangu vimezama chini ya keki.

Rojo lilikuwa jepesi, au vipande vilikuwa vikubwa, au tunda lilikuwa bivu mno. Ushauri wa kupaka vipande unga unasaidia kidogo tu. Suluhisho la uhakika ni kumimina nusu ya rojo bila matunda, kisha nusu iliyochanganywa na matunda juu yake. Au kubali sheria ya tunda na upike keki ya kupindua: yeyusha sukari gramu 100 mpaka iwe ya dhahabu, zima moto, koroga siagi gramu 40, mimina chini ya bati, panga vipande virefu vya peasi, mimina rojo juu. Ikiiva, subiri dakika 10, si zaidi, kisha pindua. Ukisubiri ipoe, karameli itaganda na keki itabaki na bati.

Pai yangu inalowa chini.

Peasi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na yote yanataka kwenda kwenye unga wa chini. Changanya vipande gramu 800 na sukari gramu 70, viache dakika 30 kwenye chujio juu ya bakuli. Maji yaliyochuruzika yachemshe mpaka yabaki vijiko 3 vya chakula, yarudishe kwenye matunda pamoja na vijiko 2 vya chakula vya unga wa ngano na juisi ya nusu limau.

Ganda: unga gramu 250, siagi baridi gramu 125, chumvi nusu kijiko cha chai, maji baridi vijiko 4 hadi 5 vya chakula. Hilo linatosha chini tu; ukitaka la kufunika, zidisha mara moja na nusu. Fikicha siagi kwa ncha za vidole mpaka ibaki chembe za ukubwa wa dengu. Chembe hizo zikiyeyuka kabla ya oveni, ganda huwa gumu, kwa hiyo pumzisha donge kwenye friji dakika 30. Oka kwenye ngazi ya chini ya oveni, nyuzi 200 kwa dakika 20, kisha 180 kwa dakika 30 hadi 35. Tumia bati la chuma, siyo la glasi. Pai haifai sana kwa jiko la mkaa, fanya keki.

Jamu ya mapeasi haigandi. Kwa nini?

Kwa sababu mbili. Peasi bivu lina pektini kidogo (kile kitu cha asili kwenye tunda kinachogandisha jamu) na asidi kidogo, na bila vyote viwili sukari peke yake inakupa shira. Sababu ya pili ni kipimajoto: vitabu vinasema jamu huganda ikifika nyuzi 104 au 105, nawe Mbeya unasubiri namba ambayo ikifika jamu imeshakuwa pipi. Kipimo sahihi ni joto la maji yanayochemka hapo ulipo, ongeza nyuzi 4 na nusu. Kwa Mbeya ni kama 99, kwa Njombe kama 98. Tumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota kwanza, usome, ndipo uongeze.

Vipimo: mapeasi kilo 1 (robo yake yawe magumu, hayo ndiyo yenye pektini zaidi), tufaha 1 chachu lililokwanguliwa pamoja na ganda, sukari gramu 650, juisi ya malimau 2 makubwa au 3 madogo, kama mililita 60. Mbegu za malimau na vile viwambo vya ndani vifunge kwenye kitambaa safi na vichemke humo humo. Vina pektini nyingi.

Pika matunda na mililita 100 za maji bila sukari, mpaka yalainike kabisa, dakika 20 hadi 30. Sukari ikiingia mapema hukaza vipande, na havitalainika tena. Yaponde, kamua kitambaa na ukitoe, tia sukari na limau, koroga mpaka iyeyuke, kisha ongeza moto. Koroga ukifika chini ya sufuria kila mara. Jamu ya peasi hushika chini kimyakimya na kunuka moshi. Baada ya dakika 15 anza kupima: dondosha kijiko kwenye sahani iliyopozwa, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikikunjamana juu, tayari. Asiye na friza alaze sahani ya bati juu ya maji ya baridi. Mimina ikiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika 15. Utapata chupa 3 za gramu 400 na kidogo cha kulamba.

Ikigoma, irudishe siku ya pili na juisi ya limau 1 zaidi na dakika 5 za moto mkali. Ikigoma tena, ichukue kama shira ya chapati za maji.

Naweza kuyahifadhi kwenye chupa hadi msimu ujao?

Ndiyo, ila hapa usikadirie. Menya, kata nusu, toa kiini. Chemsha kwa dakika 5 kwenye shira ya maji lita 1 na sukari gramu 250. Panga yakiwa moto kwenye chupa za mdomo mpana, jaza shira ukiacha sentimita 1 na nusu juu, ondoa mapovu kwa kijiti, pangusa mdomo, funga kwa mfuniko mpya wenye mpira. Zamisha chupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maji yazidi mifuniko kwa sentimita 3 au zaidi, na kitambaa kiwe chini zisigonge.

Hesabu kuanzia maji yanapotokota. Mbeya mjini na Iringa: dakika 30 kwa chupa ya nusu lita, 35 kwa ya lita. Njombe, Makete na popote juu ya mita 1,830: dakika 35 na 40. Mapeasi ya duara yenye mkwaruzo kama tufaha, yenye asili ya Asia, hayana asidi ya kutosha; tia kijiko 1 cha chakula cha juisi ya limau kwa nusu lita, 2 kwa lita. Kesho yake bonyeza katikati ya mfuniko. Ukirukaruka, haijashika, weka kwenye friji na uile wiki hiyo. Chupa iliyovimba, inayotoa povu au harufu isiyoeleweka, mwaga bila kuonja.

Na kukausha?

Kata vipande vya milimita 6 hadi 8, loweka dakika 10 kwenye maji ya limau. Tatizo letu ni kwamba mapeasi na mvua huja pamoja. Kuanika kwenye bati la nyumba siku ya mawingu ni kuotesha ukungu. Tumia kaushio la jua lenye nailoni, na jioni uingize ndani. Au oveni ya nyuzi 60, mlango ukiwa wazi kidogo, saa 8 hadi 12. Yako tayari yakikunjika bila kuvunjika na ukikamua hakuna maji. Kilo 1 hutoa kama gramu 200.

Nitie mapeasi kwenye chapati za maji au maandazi?

Chapati za maji, ndiyo kabisa. Unga vikombe 2, maziwa mililita 400, yai 1, chumvi, mapeasi 2 mabivu yaliyokwanguliwa pamoja na maji yake. Usiongeze sukari. Kaanga kwa moto mdogo kuliko kawaida, kwani sukari ya tunda huunguza upande wa nje.

Maandazi ni magumu zaidi. Kwa unga gramu 500, peasi lililokwanguliwa lisizidi gramu 150 na likamuliwe, na maziwa yaanze na mililita 180 tu, uongeze kwa kijiko. Ukitia maji kama ulivyozoea, donge litateleza mikononi, nawe utaongeza unga mpaka maandazi yawe mawe.

Yanakwenda na nyama?

Na kitimoto hasa. Nyama ikishakaangwa na mafuta kupunguzwa, tia vipande vya peasi gumu, dakika 6 hadi 8, pilipili manga na tone la siki. Kwa nyama choma, kata peasi gumu nyuzi nyembamba, changanya na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbuzi, giligilani na limau. Tengeneza dakika 10 kabla ya kula. Ikikaa inatoa maji.

Chatne: mapeasi magumu kilo 1, vitunguu 2, siki mililita 250, sukari gramu 200, tangawizi vijiko 2 vya chakula, chumvi vijiko 2 vya chai, pilipili kwa kadiri yako. Pika polepole saa 1 na nusu mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia.

Mtoto wangu anaweza kula? Na mbona mimi tumbo linanguruma?

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula peasi lililochemshwa, likapondwa na kuchujwa, bila sukari. Uji wa ulezi uliotiwa peasi la hivyo hauhitaji kitu kingine cha kuutamanisha. Kuhusu tumbo: peasi lina sobitoli, aina ya sukari ambayo utumbo hauinyonyi yote, na nyingi huvuta maji na kuleta gesi. Kula matunda manne kwa mkupuo na unaweza kuharisha, hata yawe masafi namna gani.

Naweza kutumia asali badala ya sukari?

Kwenye kuchemsha, ndiyo: asali gramu 200 mahali pa sukari gramu 250, itiwe baada ya kupunguza moto ili harufu isipotee. Kwenye keki, badili nusu tu ya sukari, punguza mtindi vijiko 2 vya chakula, na shusha oveni hadi nyuzi 160, kwa kuwa asali huwahi kuwa kahawia. Kwenye jamu usibadilishe. Itakuwa laini na haitadumu. Na chakula chochote chenye asali kisimfikie mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata kama kimepikwa.